Kinyozi wa Waogeleaji wa Jericho

Vijana wangu wa kinyozi, nyinyi mnaonyoa kwa mashine zisizo na waya na kumpaka mteja usoni vitu vinavyonukia ndimu, mmeniomba mara nyingi niwaeleze habari za mabingwa. Mnaiona ile picha iliyo juu ya kioo, vijana wamesimama kando ya bwawa wote vipara, nami katikati yao na koti langu jeupe kama daktari aliyepotea njia, mnadhani na mimi nilikuwa naogelea. Sikuwahi. Maji yakinifika kiunoni naanza kuomba Mungu. Kazi yangu ilikuwa kuwanyoa.

La kwanza mlijue: kichwa cha bingwa kina vinundu kama kichwa cha mtu yeyote. Nimeshika vichwa vya watu waliopeperushiwa bendera, nikakuta kovu la kuanguka ngazini, mba nyuma ya sikio, na shingo iliyokakamaa kwa woga. Akija mtu kuwaambia kwamba bingwa fulani ana damu ya samaki, muulizeni kama amewahi kumwona akiwa kwenye kiti, taulo shingoni, akiuliza kama wembe utamkata.

Niliingia katika kazi hiyo kwa bahati tu. Kibanda changu kilikuwa katika soko la mtaa wa Jericho, kati ya fundi viatu na mama wa mboga, viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Alasiri moja akaingia mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, na nyuma yake vijana wenye mabega mapana, nywele zao zimegeuka rangi ya kutu. Rangi ile huletwa na dawa ya bwawani. Huyo mwanamke alikuwa Kocha Achieng, mkaaji wa mtaa wa Tena, aliyewafundisha vijana wa Eastlands, upande wetu wa mji, kuogelea katika bwawa la kuazima upande wa pili wa mji.

"Baba Njeri," akasema, maana jina la binti yangu nilikuwa nimeliandika mlangoni, "unaweza kunyoa miguu?"

"Ya meza?"

"Ya watu. Na mikono, na kifua, na kichwa. Hawa wote."

Nilicheka mpaka fundi viatu akachungulia. Kocha hakucheka. Alisubiri nimalize, akaketi, akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nishike wembe. Mwogeleaji wa mashindano makubwa huacha nywele za mwili zimee msimu mzima. Hufanya mazoezi akiwa nazo, akiburuta uzito wake majini bila kuuona. Kisha mashindano yanapokaribia hunyoa kila kitu, na ngozi ikiwa mpya hivyo anayasikia maji kwa namna nyingine kabisa. "Ni kama umetembea mwaka mzima na koti la mvua, halafu mtu akakuvua," aliniambia. Nikavaa koti langu, nikachemsha maji.

Sikilizeni basi, maana haya hamtayapata kwenye simu zenu. Mguu wa mwanamume haunyolewi kama kidevu. Unauloweka kwanza kwa taulo ya maji moto, taulo nzito, zile za mitumba za Gikomba zilizotoka hoteli za Ulaya ndizo bora. Goti likunjwe, la sivyo wembe utapita juu ya mfupa na kuacha alama. Kiwiko vilevile. Mkono unashuka na wembe kuelekea kwenye kiganja, polepole, na kila mtu na wembe wake mpya. Ukimaliza mwagia maji baridi, kisha paka utomvu wa shubiri, na hapo ndipo mwisho. Poda hapana, mafuta ya kunukia hapana. Wasichana walinyolewa na Kocha mwenyewe nyuma ya pazia, nami kazi yangu ilikuwa kumpitishia maji moto bila kuangalia.

Na usinyoe asubuhi ya mashindano, hata kama mtu anakulilia. Mwenzangu wa kiti cha pili, Mungu amrehemu, alimnyoa mmoja asubuhi yenyewe, kisha kwa mazoea ya kazi akampangusa spiriti miguu yote, kama anayemaliza kunyoa ndevu za karani. Kijana akaenda, akapanda juu ya kile kijukwaa cha kurukia, filimbi ikalia, akaruka. Dawa ya bwawa ilipokutana na ile ngozi alitoka majini mbio kuliko alivyoingia. Kocha Achieng alituambia ndiye mwogeleaji wa kwanza kumwona akishindana kwenda juu. Tulicheka baadaye sana, siku ile hatukuthubutu.

Sasa niwaambie kuhusu sifa, maana ndicho mnachokitaka hasa. Mnadhani sifa za bingwa hupikwa bwawani au magazetini. Bwawani wanajua nani amegusa ukuta kwanza, basi. Mengine yote hupikwa kwenye viti vyetu. Mteja akiketi, akifungwa lile shuka shingoni, mikono yake imefichika na mdomo ndio umebaki huru. Nimesikia bingwa akipewa wachumba, akipewa mapepo, akifukuzwa nchini na kurudishwa, kabla sijamaliza upande mmoja wa kichwa. Nami nilikuwa nachangia pia, sijifanyi mtakatifu.

Aliyesemwa kuliko wote alikuwa Simiyu. Mnamjua, aliogelea mtindo wa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili pamoja. Alikuwa kijana wa hapahapa Jericho, na alipoanza kushinda watoto wa shule zenye mabwawa yao wenyewe, mtaa mzima ulitembea kifua mbele. Wakasema hulala ndani ya karai la maji. Wakasema mama yake alimzaa siku ya mafuriko. Mzee mmoja mwenye heshima zake alininong'oneza, "Mwangi, wewe umeishika miguu yake. Ni kweli vidole vimeshikana kama vya bata?" Nikamwambia vimeachana, na kimoja kina kovu la funza wa zamani. Hakupenda jibu hilo hata kidogo.

Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi. Simiyu alilelewa na babu na nyanya yake, Wabukusu kutoka Bungoma, katika zile nyumba za zamani za kaunsili. Babu alikuwa Mzee Barasa, mstaafu wa reli, mcheshi, mwenye sauti ya kuita garimoshi. Yeye ndiye aliyempeleka kijana bwawani mara ya kwanza, akasimama ukingoni suruali imekunjwa, akimwambia apige miguu. Nyanya alikuwa Nekesa, ila mtaa wote tulimwita Kukhu, kwa sababu ndivyo Simiyu alivyomwita, na babu yake alimwita Kuka. Kukhu hakuwa mtu wa maneno mengi wala mzaha. Alikuwa mama wa kanisa, na mila za kwao alizishika kwa mkono wa pili.

Mwaka wa kwanza Simiyu alipotarajiwa kuchukua ubingwa wa taifa, Mzee Barasa alikuwa amelazwa. Kifua. Kijana hakumwambia Kocha, na mimi sikuulizwa. Akaja na wenzake alasiri, nikawanyoa mmoja baada ya mwingine, miguu, mikono, kichwa. Yeye alikuwa wa mwisho. Kichwa chake kilikuwa kizuri kunyoa, cha duara, ngozi laini. Akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akavuka njia kwenda kwao.

Haukupita muda nikasikia mayowe.

Kukhu alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Alipomwona mjukuu wake anakuja kipara kinang'aa, ungo ulimtoka mikononi. Kwa Wabukusu, mzee akifa na kuzikwa, jamaa hukusanyika siku chache baadaye wakanyolewa. Zile nywele walizokuwa nazo marehemu akiwa hai wanazitoa, wanamwachia, ndipo wanaanza upya. Kukhu alipoona kichwa kile, na mume wake yuko wodini, alidhani kijana ametoka hospitali na habari ameivaa kichwani. Akapiga yowe la kwanza. Simiyu akakimbia kumshika, akimwambia hapana, hapana, na majirani waliokuja wakamkuta ameshikiliwa na kijana kipara. Nani angehitaji kuelezwa zaidi?

Wanawake wa ploti wakafunga leso viunoni. Viti vikaanza kutoka nyumba hii na ile. Mtu akawasha jiko la chai kubwa, mwingine akaandika kwenye kundi la simu la mtaa kwamba Mzee Barasa ametutoka, na rambirambi zikaanza kumiminika. Nilipofika pale wembe ungali mfukoni, kwaya ya kanisa ilikuwa tayari kwenye wimbo wa pili. Ndipo simu ya jirani mmoja ikalia. Alikuwa binti wa mzee, yuko hospitali kando ya kitanda. "Baba anauliza uji wake umekwama wapi," akasema.

Hapo ungetarajia vicheko, na vilikuwepo, ila si kwa Kukhu. Alifuta uso wake, akaniona, akanijia mpaka nikahisi pumzi yake.

"Wewe ndiye umemnyoa?"

"Ni mimi, mama."

"Nani alikutuma?"

Nikaanza kueleza habari za maji na ngozi. Akanikatiza. "Kwetu kichwa cha mtoto kama huyu hunyolewa mzee wake akishazikwa. Sasa wewe umeshanyoa. Unataka mzee wangu afanye nini?"

 Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, na siku ile nilijifunza kwamba kichwa cha mtu kina watu wengi juu yake, hata akija peke yake kibandani. Simiyu alisimama ukutani akiziba kichwa kwa viganja viwili, kana kwamba angeweza kuzirudisha nywele. Nilimhurumia sana.

Siku ya fainali akaogelea, akashinda, akavunja rekodi ya taifa. Bendera ikapanda, na mtaani, badala ya sherehe, yakaja maneno. Mnajua jinsi maneno yanavyozaliwa. Wa kwanza alisema kijana alikosa adabu kunyolewa kichwa babu yake angali hai. Wa pili akasema labda hakukosa, labda alijua anachofanya. Kufikia wa tatu, Simiyu alikuwa amemtoa Mzee Barasa sadaka kwa maji ili apate dhahabu. Watu waliosema hivyo waliketi kwenye viti vyangu, na baadhi yao walikuwa wamekunywa ile chai ya matanga.

"Lakini mzee yuko hai," niliwaambia.

"Ngoja tu," wakasema.

Ndicho kitu kibaya kuhusu jina baya la bingwa. Halihitaji jambo litokee, linahitaji tu watu wasubiri. Kijana akaanza kupitia njia ya nyuma akienda mazoezini. Watoto waliokuwa wakimfuata wakiimba waliitwa ndani na mama zao. Kukhu alimpikia, alimfulia, na hakumwambia neno.

Aliyemwokoa ni Mzee Barasa mwenyewe. Alitoka hospitali amekonda, akaniita nyumbani nije na vifaa. Nilimkuta kwenye kochi, blanketi miguuni.

"Mwangi," akasema kwa ile sauti ya stesheni, "nasikia nilikufa na hakuna aliyeniletea chai."

"Ilinywewa yote, mzee."

"Wezi hao. Haya, ninyoe."

"Nikunyoe nini?"

"Kichwa. Chote. Kama cha kijana."

Kukhu alikuwa mlango wa jikoni. "Baba, usicheze na mambo," akasema.

"Nekesa, mimi nimevuka reli mbele ya garimoshi maisha yangu yote. Nywele hizi tatu ndizo zitaniua?" Akanigeukia. "Nyoa. Wakisema mtoto amenitangulizia matanga, waone nimemfuata na bado nakula ugali."

Nikamnyoa. Akaomba medali ya Simiyu, akaivaa, akabebewa kiti nje kwenye jua. Alikaa pale siku nzima, kipara wazi, dhahabu shingoni, akiamkua kila anayepita na kumuuliza kama amekuja kwenye matanga yake. Watu walicheka mpaka machozi. Maneno yale yakafa polepole, kama moto uliokosa kuni, na Simiyu akarudia njia ya mbele. Kukhu peke yake ndiye hakucheka. Tangu siku hiyo akinikuta sokoni alinisalimia kwa adabu na kuvuka upande wa pili, na kati yake na mjukuu wake kulibaki kitu ambacho chai haikukiyeyusha.

Mwaka uliofuata ndio ninaotaka kuwaambia hasa. Mashindano ya taifa yalikuwa ndiyo ya kuchagua wa kwenda nje, kwenye bwawa la dunia nzima. Simiyu ndiye aliyetajwa kila mahali. Na Mzee Barasa alikuwa amerudishwa hospitali, safari hii hata mizaha ilikuwa imepungua.

Wakaja kibandani kama kawaida, Kocha mbele. Nikanyoa. Zamu ya Simiyu ikafika, akaketi. Nywele zilikuwa zimerefuka na kujaa, zile zenye rangi ya kutu. Nikamfanyia miguu, mikono, kifua. Nilipoinua wembe juu, akaweka kiganja utosini.

"Guka, hapa wacha," akasema, maana vijana waliniita babu kwa Kikuyu.

"Wacha nini?" Kocha akauliza kutoka kwenye benchi.

"Kichwa hapana, Kocha."

"Simiyu, hiyo nywele, kofia ya kuogelea haiwezi kukaa. Unajua."

"Najua."

"Na unajua hii ndiyo safari yenyewe? Hakuna ingine mpaka sijui lini. Wale wengine wamenyoa wote."

"Najua, Kocha. Kichwa hapana."

Hakusema sababu, na sababu hakuna asiyeiona kati yetu watatu. Kama Kuka angeondoka wiki ile, Simiyu alitaka awe na kitu cha kumpa. Mwaka uliotangulia angekuwa mikono mitupu. Lakini hilo huwezi kulitamka. Ukilitamka umeshamzika mtu anayepumua, na kijana huyu alikuwa ameonja mara moja ladha ya jambo hilo. Kocha Achieng ni Mjaluo, na ingawa alizaliwa mjini, kwao pia nywele hutolewa baada ya maziko.  Akainuka, akaenda kusimama nje kwa mama wa mboga, akijifanya anachagua sukuma wiki.

"Guka," Simiyu akasema kwenye kioo, sauti chini, "usiambie mtu."

"Nitamwambia nani?"

"Hata Kukhu."

Nikamwahidi. Sikujua nilikuwa najifunga na mzigo wa namna gani.

Fainali niliiona kwa macho yangu, nimekaa kwenye zile ngazi za saruji. Kofia yake ilikuwa imevimba kama mkate uliozidi hamira. Akaongoza. Akaongoza mpaka mgeuko wa mwisho, na alipousukuma ukuta ile kofia ikateleza, ikavuka, ikabaki ikielea nyuma yake. Nywele zikanywa maji. Kijana wa pembeni, kipara safi, akamkuta, wakaja pamoja kwa mikono minne, na yule kipara akagusa kwanza, akimzidi Simiyu kwa urefu wa kucha. Siwezi kuapa kwamba ni nywele zilizomshinda. Huenda mwenzake alikuwa na siku yake. Kocha pia hakuwahi kuapa. Lakini nilimwona ameketi chini kwenye sakafu yenye maji, filimbi mdomoni, hapigi.

Sasa ngoja mwone kazi ya viti vyetu. Sikungoja hata siku mbili.

"Guka, niaje? Huyo msee wenu wa kuogelea ameisha, manze," akaanza mmoja.

"Ameisha wapi? Ni madharau," mwingine akamjibu. "Ati yeye hanyoi siku hizi. Anataka kukaa star na afro. Wenzake wote wamenyoa!"

"Bingwa gani hufungwa na mtoi wa mababi, wa shule za matajiri?"

"Ni pombe. Mimi nilimcheki Jumapili."

Hakuwa amemwona popote, Jumapili Simiyu alikuwa hospitali akimlisha babu yake uji kwa kijiko. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mwongo huyo kwa mkono wa kushoto na mashine kwa wa kulia, na neno moja tu kutoka kwangu lingemfunga mdomo yeye na mtaa mzima. Niliumia, vijana wangu. Hakuna kazi niliyofanya katika maisha ngumu kama kunyoa kimya mwezi ule. Mama wa mboga aliniuliza kama nimegombana na mke wangu.

Na lililoniuma kuliko yote halikutoka kwa walevi wala kwa vijana. Nilimsikia Kukhu kwa masikio yangu, akinunua viazi. Muuzaji alimpa pole kwa ajili ya mjukuu. "Maji yamemlipa," Kukhu akasema. "Alicheza nayo, yamemlipa." Akafunga leso yake akaenda zake. Nilirudi ndani nikaketi kwenye kiti cha mteja, na kwa mara ya kwanza nikafikiria kuvunja ahadi. Ningemwambia nini? Mjukuu wako ameweka nywele zake kwa ajili ya kifo cha mume wako? Mzee alikuwa bado anauliza uji.

Mzee Barasa aliondoka taratibu, wiki chache baadaye. Safari hii hakuna simu iliyokuja kukatiza wimbo. Tulimsindikiza mpaka Bungoma, nami nikabaki mpaka siku ya kunyoana, kwa sababu Simiyu aliniomba nibaki.

Uani palijaa. Mzee wa ukoo aliyestahili kushika wembe macho yake yalikuwa hafifu, akasema mwenye mkono wa kazi anyoe, yeye atasimama kando aelekeze. Hivyo nikajikuta nimepiga magoti penye mkeka, karai la maji mbele yangu, na Kukhu ameketi juu ya mkeka, kichwa wazi. Mjane ndiye wa kutangulia, mzee akaniambia. Kukhu alinitazama kwa yale macho ya kuvuka njia.

Nyuma yetu jamaa walikuwa wakijipanga. Simiyu alisimama miongoni mwa binamu zake, mrefu kuliko wote, na nywele zake zilikuwa kichaka. Mmoja wao akamtania kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini vya kutosha: "Bingwa siku hizi kinyozi hamjui. Ndiyo maana alishindwa."

Wachache wakacheka. Kukhu akageuza kichwa.

"Simiyu. Kuja hapa."

Akaja, akachuchumaa mbele yake. Kukhu akainua mkono, akautia ndani ya zile nywele, na vidole vyake vikazama mpaka havikuonekana. 

"Hizi ni za tangu lini?"

"Tangu Kuka arudishwe hospitali, Kukhu."

"Na siku ya kuogelea ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo."

 Hata yule binamu alijua kwamba kitu kimetokea, ingawa hakujua ni nini.  "Na mimi nikasema maji yamekulipa," Kukhu akasema. Simiyu akatikisa kichwa, kama kumwambia ayaache, lakini mkono wa nyanya yake ulikuwa bado umekishika.

Kisha akanigeukia.

"Kinyozi, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaninyamazia."

"Ningekuambia nini, mama, na mzee alikuwa hai?"

 Kukhu akajivuta, akatoka juu ya mkeka, akaketi chini kwenye udongo, akaupiga mkeka kwa kiganja.

"Mnyoe huyu kwanza."

"Nekesa," mzee wa ukoo akaanza, "mjane ndiye anaye..."

"Huyu alimwekea mzee nywele zake. Mimi nitafuata."

Hakuna aliyembishia. Simiyu akaketi mkekani, akainamisha kichwa, nami nikakilowesha kwa maji ya vuguvugu na kufungua wembe mpya. Kukhu akatandaza leso yake mapajani, na kila nilipokata akazipokea zile nywele kwa mikono yake mwenyewe.